Katizo la Saa: Historia ya Istilahi Moja na Kasoro Yake

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya dhana moja ndogo ya elimu ya kompyuta, na jinsi maelezo yake ya Kiswahili, yaliyokuwa sahihi hapo kwanza, yalivyogeuka kuwa ya uwongo bila ya mtu yeyote kubadili hata herufi moja. Dhana hiyo ni katizo la saa. Sentensi tuliyoiandika sisi wenyewe, katika rasimu ya somo la mifumo endeshi, ilikuwa hivi: “Katizo la saa ni ishara itokeayo kila baada ya muda maalumu, ambayo huongeza saa ya mfumo kwa mpigo mmoja na kuiondoa kazini programu iliyomaliza zamu yake.” Sarufi yake haina dosari. Lau ingefundishwa mwaka 1975, isingempotosha mwanafunzi hata kidogo. Lakini kwa kompyuta ya leo, ambayo aghalabu ina vichakataji vinne, vinane au zaidi ndani ya kasha moja, hakuna kishazi katika sentensi hiyo kinachoweza kusimama bila kurekebishwa.

Kosa hilo hatukuligundua ofisini. Tuliligundua Mingoyo, mji mdogo ulio ndani ya hori ya Lindi, karibu na mahali Mto Lukuledi unapoingia katika maji ya bahari, na karibu pia na njia panda ya Mnazi Mmoja, ambako barabara itokayo Lindi hugawanyika, moja ikielekea Masasi na nyingine Mtwara. Tulikwenda huko kukusanya maneno ya kazi za mashamba ya mkonge, na rasimu ya somo la kompyuta ilikuwa mkobani kwa bahati tu. Jioni moja tuliwasomea walimu wachache waliokuwa wenyeji wetu. Mwalimu mmoja wa hisabati alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Ndugu zangu, ikiwa vichakataji ni vinne, na kila kimoja kinapata katizo lake, je, hiyo saa ya mfumo haitakimbia mara nne?”

Hatukuwa na jibu lenye kuridhisha. Tulijua kwamba saa za kompyuta hazikimbii mara nne, ila tulikuwa hatujajiuliza ni kitu gani katika sentensi yetu kinachozizuia. Kwa kweli hapakuwa na kitu.

Msaada tuliupata asubuhi iliyofuata, na tuliupata katika kazi ile ile iliyotupeleka. Tulikuwa tukizungumza na mzee mmoja aliyewahi kukata mkonge, na neno lililokuwa mbele yetu lilikuwa kipande. Katika Tanganyika ya wakati wa ukoloni, kipande kilikuwa kadi ya kibarua. Mkataba ulikuwa wa siku 30 za kazi, nazo zilitakiwa zikamilishwe katika muda wa siku 42. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama katika kadi; siku asiyokwenda haikuandikwa kitu; na malipo yalifuata alama, si kalenda. (Nchini Kenya neno hilo hilo lilishika maana nyingine, yaani kitambulisho cha lazima kilichotokana na sheria ya usajili ya mwaka 1915, ambacho mwanamume Mwafrika alikibeba shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mfasiri wa maandishi ya historia hana budi kujua amesimama upande gani wa mpaka.)

Mzee yule alisema kwa ufupi kwamba kipande hakikuhesabu siku za jua, kilihesabu siku za mtu. Hapo ndipo tulipoona tulipokuwa tumekosea. Kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kalenda, nayo ni moja tu kwa shamba zima: jua likichwa, siku moja imepita, wawe wamekuja vibarua kumi au elfu. Ya pili ni ya kadi, nayo ni nyingi kama walivyo watu: vibarua wanne wakifanya kazi siku moja, kalenda husonga kwa siku moja, na kadi zao, zikijumlishwa, husonga kwa siku nne. Sentensi yetu ilikuwa imezitia hesabu hizo mbili katika kitenzi kimoja.

Ili kuonyesha kwa nini zilichanganywa, na kwa nini hapo zamani mchanganyiko huo haukuleta madhara, yafaa turudi nyuma kidogo.

Kompyuta za mwanzo hazikujua kukatizwa. Programu iliposhika mashine iliishika mpaka imalize, na kama ilitaka kujua iwapo kifaa cha kuingizia kadi kimekuwa tayari, ilibidi iulize, iulize tena, na iulize tena. Mashine iitwayo DYSEAC, iliyojengwa Marekani mwaka 1954, ni miongoni mwa za kwanza kuwezesha kifaa cha nje kuita chenyewe, nayo mashine ikaiacha kazi yake kwa kitambo, ikaweka alama mahali ilipofikia, ikashughulikia mwito, kisha ikarudi. Huko Uholanzi, Edsger Dijkstra aliliandikia jambo hilo tasnifu yake ya mwaka 1959. Makatizo hayo, tuseme wazi, hayakuwa ya saa. Yalikuwa ya vifaa: kadi, tepu, mitambo ya kuchapa.

Saa iliingia kwa sababu ya kugawana. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambamo watu kadhaa walitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Mpango kama huo hauwezekani kwa hiari. Programu iliyonaswa katika mzunguko usio na mwisho haitaachia mashine kwa kuombwa, kwani haisikii. Panatakiwa kitu cha nje, kisichobembelezeka, kigonge kwa vipindi na kuurudisha utawala mikononi mwa kiini cha mfumo endeshi. Kitu hicho ni saa.

Baadaye, katika mashine za PDP-11 ambazo mfumo wa Unix ulikulia humo katika miaka ya 1970, saa ya kawaida ilichukua mapigo yake kutoka katika umeme wa ukutani. Huko Marekani umeme hubadilika mara 60 kwa sekunde, basi saa iligonga mara 60. Mahali penye umeme wa mara 50, kama ilivyo kwetu Tanzania, ingegonga mara 50. Mitambo ya umeme, pasipo kukusudia, ilikuwa ndiyo mpiga kengele wa kompyuta. Kompyuta ya mezani ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na saa yake ya ndani, iliyotikisika mara 1,193,182 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa 65,536 hupatikana mapigo 18.2 kwa sekunde, kiasi ambacho hakuna mtu angekichagua kwa kupenda.

Katika mashine zote hizo kichakataji kilikuwa kimoja. Kwa hiyo kila kengele ilipogonga, kichakataji kile kile kiliongeza kalenda, kikatia alama kadi ya programu iliyokuwa kazini, na kikatazama kama zamu yake imekwisha. Kazi tatu, mkono mmoja, pigo moja. Kulikuwa na haja gani ya kuzitenga katika lugha? Shamba lenye kibarua mmoja halihitaji kutofautisha kalenda na kadi, kama akija kazini kila siku.

Huko ndiko sentensi yetu ilikotoka. Tunapaswa kukumbuka pia jinsi elimu hii ilivyotufikia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na katazo hilo lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ambayo Baraza, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa likitoa istilahi za idara na za masomo kwa wingi, mashine yenyewe ilikuwa kitu adimu. Mjadala ulipokuja kuwaka, ulihusu jina la mashine: iitwe kompyuta, ngamizi, au tarakilishi, kama wanavyosema wenzetu wa shule za Kenya? Wino mwingi ulimwagika hapo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotolea yenye maelezo ya Kiswahili, kazi ya kusifiwa, lakini kazi ya maneno yanayoonekana katika skrini. Kilichomo ndani ya kiini cha mfumo endeshi hakikuwa sehemu yake. Basi aliyetaka kufundisha makatizo alijitafsiria mwenyewe, kutoka katika kitabu alichokuwa nacho, na kitabu hicho mara nyingi kilieleza mashine ya kichakataji kimoja.

Wakati huo huo mashine zilikuwa zimebadilika. Wazo la vichakataji vingi si jipya. Mashine ya Burroughs D825 ya mwaka 1962 iliweza kuwa na hadi vinne. Lakini lilikaa katika majeshi, maabara na mashirika makubwa mpaka katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 kampuni ya Intel ilitangaza kanuni za kuunganisha vichakataji vyake kadhaa katika kompyuta moja, na mfumo wa Linux, katika toleo la 2.0 la Juni 1996, ukaanza kuvitumia rasmi. Kila kichakataji katika mpango huo kilikuwa na saa ndogo ya kwake, ndani yake mwenyewe. Saa ya zamani, ile ya pamoja, ilibaki mahali pake.

Wajenzi wa Linux waligawanya kazi kwa namna ambayo mzee wetu wa Mingoyo asingeistaajabia. Saa ya pamoja ilisukuma kalenda. Katizo lake lilikuwa moja kwa mashine nzima. Saa ndogo za vichakataji zilitia alama kadi na kusimamia zamu, kila moja kwa programu iliyokuwa mikononi mwa kichakataji chake. Katika sekunde moja ya ukutani mashine yenye vichakataji vinne, vyote vikiwa kazini, huandika sekunde nne za kazi. Mwalimu wa hisabati alikuwa amekisia nusu ya ukweli: kuna kitu kinachokwenda mara nne, ila si saa.

Baadaye saa ya pamoja iliachwa kutegemewa, na wajibu wa kusukuma kalenda ukapewa kichakataji kimojawapo. Vyote hukatizwa, kimoja tu huandika kalenda. Hiki ndicho tunachopendekeza kiitwe mshika saa. Tulifikiri pia juu ya mtunza saa, tukaliacha, kwa kuwa mtunzaji hukilinda kitu kisiharibike, na hapa hakuna kinacholindwa; kuna dhamana iliyoshikwa, na inayoweza kukabidhiwa mwingine.

Kalenda yenyewe ni mahali katika kumbukumbu ya mashine, na vichakataji vyote huisoma. Itakuwaje kimoja kisome wakati mshika saa yumo katikati ya kuandika, tarakimu za juu ni mpya na za chini bado ni za zamani? Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kufuli: anayetaka kusoma afunge, asome, afungue. Lakini saa husomwa mara nyingi mno kupita inavyoandikwa, na si haki mwandishi asubirishwe mlangoni na wasomaji. Linux ilichukua njia nyingine. Mwandishi huongeza namba fulani kwa moja kabla ya kuandika, na kwa moja tena anapomaliza. Msomaji huitazama namba hiyo kabla na baada ya kusoma. Ikiwa imebadilika, au ikiwa ni witiri, anajua kwamba aliyoyasoma hayafai, naye husoma upya. Tunaeleza haya kwa sababu tumewahi kuona hali hiyo ikitafsiriwa kuwa “kufuli la mfululizo”, jina linalomfanya mwanafunzi adhani msomaji amefungiwa nje, hali ukweli ni kwamba hafungiwi kamwe, anarudia tu.

Tatizo jingine lilitokana na utaratibu wenyewe. Saa zote ndogo zikigonga kwa nukta moja, vichakataji vyote hukimbilia makufuli yale yale kwa pamoja, vikasongamana kama watu wa kijiji kizima waliokwenda kisimani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yapo mazingira ambamo mapigo hupishanishwa makusudi. Neno kupishana tunalo, zuri na la kila siku, na hatuoni sababu ya kulitafutia jingine.

Wala haikuwa rahisi kuzifanya saa ndogo zipatane. Jua la adhuhuri hufika juu kabisa Mingoyo dakika 40 hivi kabla ya kufika juu kabisa Kigoma, kwa kuwa miji hiyo imetengwa na takriban nyuzi 10 za longitudo. Hata hivyo ofisi za pande zote mbili hufunguliwa kwa saa moja ya Taifa, kwa makubaliano. Vihesabio vya vichakataji navyo huweza kuhitilafiana, kwa kuanza nyakati tofauti au kwa kwenda kwa kasi tofauti. Kiini huvipima vinapoamka, na kikiona havipatani hukataa kuvitegemea kwa kalenda, kikatafuta chanzo kingine.

Mpaka hapa sentensi yetu ingeweza kuokolewa kwa kuongeza maneno mawili matatu. Pigo la mwisho lilitoka katika kishazi tulichokidhani kuwa imara kuliko vyote: “kila baada ya muda maalumu”.

Linux katika mashine za Intel iligonga mara 100 kwa sekunde kwa muda mrefu. Toleo la 2.6, la Desemba 2003, lilipandisha mapigo kuwa 1,000. Toleo la 2.6.13, la Agosti 2005, likayashusha kuwa 250 kwa kawaida, kwani wingi wa mapigo ulikula umeme na kuvuruga kazi. Kupanda na kushuka huku kulizaa swali: kichakataji kisicho na kazi kinaamshwa mara 250 kwa sekunde ili kiambiwe nini? Aprili 2007, katika toleo la 2.6.21, jibu likatolewa. Kichakataji kinachokaa bure huzima mapigo yake, hutazama ni lini jambo la kwanza litakalokihitaji litatokea, na huitegesha saa yake imwamshe wakati huo na si kabla. Tangu toleo la 3.10, la Juni 2013, hata kichakataji chenye kazi kinaweza kupunguziwa mapigo, maadamu programu iliyo mikononi mwake ni moja tu. Hapana wa kumpisha, basi kengele ya zamu ni ya nini?

Kwa hiyo “kila” imekwisha. Katizo la saa si tena lile litokealo kwa vipindi sawa. Ni lile litokealo saa iliyotegeshwa inapofika, iwe imetegeshwa kwa vipindi au kwa mara moja. Aidha, wakati wenyewe hautokani tena na kuhesabu mapigo. Mshika saa anapoamka baada ya kulala husoma kihesabio cha mashine, huona ni mapigo mangapi yalistahili kupita, na huyaongeza yote kwa mkupuo.

Sasa turudi kwenye maneno. Neno katizo lina wapinzani, na hoja yao si dhaifu. Kumkatiza mtu maneno ni utovu wa adabu, wanasema, na mwanafunzi husikia uharibifu mahali ambapo hapana uharibifu wowote, maana kazi iliyokatizwa huendelea pale pale ilipoachwa. Wengine wamependekeza hodi. Tunalipenda neno hilo katika kufundisha: mgeni anabisha, mwenye nyumba anaweka jembe chini, anamsikiliza, kisha anarudi kwenye tuta lake. Lakini mgeni wa hodi husubiri kukaribishwa, na saa haiombi ruhusa ya programu iliyo kazini. Kiini peke yake ndicho kiwezacho kuahirisha mwito wake, tena kwa kitambo kidogo. Basi katizo libaki katika istilahi, na hodi itumike darasani. Kwa ishara ambayo kichakataji kimoja humpelekea mwenzake, ambayo ni jambo jingine kabisa, tunashauri mwito.

Kuhusu kipande tulisita zaidi. Kiasi cha muda ambacho programu hupewa kabla ya kupisha wenzake kimekuwa kikiitwa zamu, lakini zamu ni nafasi katika mpangilio, si kiasi. Mtu husema zamu yangu imefika. Hasemi zamu yangu ni ya sehemu kumi za elfu za sekunde. Kipande cha muda ni sahihi kwa maana ya kawaida ya neno, na ni sahihi maradufu kwa maana ya Lindi: hupungua mtu anapofanya kazi, na husimama anapokaa bure, hata jua likichwa mara ngapi. Kuna mwenzetu aliyetukemea kwamba tunalirudisha neno la dhuluma. Tunamwelewa. Hata hivyo maneno ya kazi ya kulazimishwa ni sehemu ya hazina ya lugha hii, na wazee waliotuhifadhia maana yake hawakututaka tuyafiche. Mnyapara, kwa upande mwingine, tulilikataa. Lilipendekezwa kwa sehemu ya kiini inayoamua nani afuate, na sehemu hiyo haimsimamii mtu yeyote wala haimkemei. Inapanga zamu tu. Tuiite mpanga zamu.

Sentensi tunayoiweka badala ya ile ya kwanza ni hii: “Katizo la saa ni ishara anayoipata kichakataji kutoka katika saa iliyotegeshwa. Katika mashine yenye vichakataji vingi, kila kichakataji hutumia katizo lake kupunguza kipande cha programu iliyo kazini na kumpa mpanga zamu nafasi ya kuamua. Kichakataji kilicho mshika saa, na hicho peke yake, huongeza pia saa ya mfumo.” Ni ndefu, na tunatarajia walimu watailalamikia.

Tuliituma Mingoyo. Mwalimu wa hisabati aliijibu kwa swali jingine: vichakataji vyote vikilala kwa pamoja, nani ni mshika saa? Jibu ni kwamba hakuna. Kiini huandika kwamba dhamana haina mwenyewe, na kichakataji cha kwanza kuamka na kuikuta hivyo huichukua. Watumishi wa Serikali wana msemo kwa hali kama hiyo, nasi tumeuandika pembeni mwa rasimu, kwa penseli, mpaka litakapopatikana neno bora: nafasi iko wazi.